Picha ni Deni: Siku za Mpiga Picha Mgeni Katika Milima ya Andes

Waulize wanachuo kumi mpiga picha wa kigeni anayeishi Peru au Bolivia anashinda akifanya nini. Tisa watakujibu bila kufikiri: anapiga picha, si ndiyo kazi yake? Jibu linaonekana wazi, ila lina kasoro. Kubonyeza kamera kunachukua sehemu ndogo tu ya siku yake. Muda mwingi unakwenda kwenye kutafuta pumzi, kusubiri jua, kusalimia watu, kula viazi, kufuatilia malipo, na kupeleka picha kwa waliopigwa. Anayeruka hizo hatua nyingine hadumu huko, na akidumu, milango inafungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine.

Mimi nasoma elimu, na masomo yangu ya kufundishia ni jiografia na historia. Andes huwa tunaipitia haraka darasani: milima ya kukunjamana, mabamba ya ardhi, basi, tunaendelea. Watu wanaoishi juu ya hiyo milima hatuwagusi. Katika makala haya naeleza maisha ya mgeni mwenye kamera huko juu yanavyokwenda, kwa sababu ndani yake kuna swali linalotuhusu sisi tunaojiandaa kwenda kufundisha, kila mmoja na simu yake mfukoni: ukimpiga mtu picha, unabaki unadaiwa nini?

Kwanza, pumzi

Andes ndiyo safu ndefu kuliko zote za nchi kavu duniani. Ina urefu wa kilomita 7,000 hivi, na inapita katika nchi saba: Venezuela, Kolombia, Ekuador, Peru, Bolivia, Chile na Argentina. Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Inka, uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. La Paz ya Bolivia inapita mita 3,600, na El Alto, mji ulio kando yake, unavuka 4,000.

Kwa waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hebu fikirieni hivi. Kambi ya Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720. Yaani Cusco iko juu kuliko Mandara, na La Paz inakaribia Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo mtu analala usiku mmoja au miwili, anashuka, anasimulia mwaka mzima. La Paz kuna shule za msingi, masoko, foleni za magari na timu za mpira zinazokimbia dakika tisini.

Kwenye kimo cha Cusco, kila unapovuta pumzi unapata kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeipata Dar es Salaam. Kwa hiyo siku za mwanzo mgeni hafanyi kazi yoyote ya maana. Kichwa kinagonga, usingizi hauji, akipanda ngazi kumi anasimama kama mzee. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche. Wanampa chai ya majani ya koka, ambayo Peru na Bolivia ni kitu cha kawaida kabisa nyumbani na hotelini, wanamwambia ale kidogo na atembee polepole. Mwili wa mwenyeji umezoea hali hiyo kwa vizazi na vizazi. Wa mgeni unaanza upya.

Hata jikoni kimo kinaonekana. Maji Cusco yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, hayafiki 100. Ukipika maharage kwa sufuria ya kawaida utakesha. Ndiyo maana sufuria la presha ni kitu cha lazima kwa anayepanga chumba chake mwenyewe huko.

Siku inavyokwenda

Kiangazi cha huko ni kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Mchana anga ni la buluu iliyokolea na jua linachoma ngozi kweli kweli, lakini usiku vijijini baridi inashuka chini ya sifuri. Betri za kamera zikipatwa na baridi hiyo zinakufa nguvu upesi, kwa hiyo mpiga picha analala nazo ndani ya blanketi na mchana anazibeba mfuko wa ndani wa koti. Akiingia ghafla kwenye jiko lenye moto, lenzi inapata ukungu, inabidi asubiri ikauke. Vumbi la barabarani nalo lina sehemu yake.

Baridi hiyohiyo inayoua betri inawapa wenyeji chakula. Mwezi Juni wanatandaza viazi nje usiku vigande, asubuhi wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji, wanavianika juani. Wakirudia hivyo siku kadhaa wanapata chuño, viazi vikavu vyepesi ambavyo vinaweza kukaa ghalani miaka. Mpiga picha anayetaka picha nzuri ya kazi hiyo lazima aamke kabla ya jua kama wao. Na akishaamka, ni vigumu kusimama tu pembeni na kamera wakati bibi wa miaka sabini anakanyaga viazi peku. Wengi huishia kuvua viatu.

Mwanga mzuri upo saa mbili za mwanzo wa siku na saa mbili za mwisho. Katikati jua liko juu ya utosi, na kwa kuwa karibu kila mtu kijijini amevaa kofia, uso wote unakuwa kivuli cheusi. Basi mchana ndio muda wa maisha mengine. Anakwenda sokoni kula supu ya kwinoa au ya viazi, anafua, anaandika barua za kudai fedha zake. Wachache sana wanaishi kwa kuuza picha magazetini peke yake. Mwingine anafundisha watalii kutumia kamera, mwingine anapiga picha za ripoti za mashirika, mwingine harusi. Malipo yanachelewa, anasubiri kama sisi tunavyosubiri bumu. Halafu kuna foleni za uhamiaji, maana akitaka kukaa Peru kihalali lazima awe na kitambulisho cha mgeni mkazi, wanachokiita carné de extranjería.

Mchana pia ni muda wa kujifunza lugha. Kihispania kinamtosha mjini. Akipanda vijijini anakutana na Kikechua, na kuelekea ziwa Titicaca, Kiaimara. Kikechua kina jambo moja ambalo sisi Waswahili hatuna. Tukisema "sisi", msikilizaji anaweza kuwa ndani au nje, tunaachia mazungumzo yenyewe yaamue. Wao wana maneno mawili. Ñuqanchis ni sisi pamoja na wewe ninayeongea nawe. Ñuqayku ni sisi, wewe haumo. Mgeni anaweza kukaa kijijini miezi mingi akisikia ñuqayku tu: sisi tunalima, sisi tuna sikukuu kesho. Hakuna anayemtukana. Sarufi yenyewe inamwambia mahali alipo.

Kwa nini anaogopwa

Pwani tunamjua mumiani, na bara wengine humwita chinjachinja: mtu wa kutoka nje anayevizia watu na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Andes wana ndugu yake. Katikati ya Peru anaitwa pishtaco, kusini kwa Kikechua ñakaq, na Waaimara wanamwita kharisiri. Huyu hataki damu, anataka mafuta ya mwili. Simulizi za zamani zinasema mafuta hayo yalitumika kuyeyushia kengele za kanisa, na za baadaye zinasema ni ya kulainishia mitambo. Mara nyingi pishtaco anasimuliwa kuwa mtu mweupe, au angalau mgeni, anayetembea peke yake njiani jioni.

Sasa mtazame mpiga picha: mgeni, peke yake, jioni kwa sababu ya mwanga, na mkononi ana chombo cha chuma. Mtu wa mjini anaweza kucheka aseme ni ushirikina. Lakini ukijua historia ya watu hao unaelewa simulizi linatoka wapi. Kwa karne kadhaa waliofika kutoka nje walichukua dhahabu, fedha, ardhi na nguvu za watu migodini. Simulizi la pishtaco limebeba kumbukumbu hiyo: mgeni huja kuchukua kilicho ndani yako na kwenda kukitumia kwingine.

Kuna wakati woga wa mgeni uliua. Tarehe 26 Januari 1983, wakati wa vita kati ya serikali ya Peru na kundi la Sendero Luminoso, waandishi wa habari wanane walipanda kwa miguu hadi kijiji cha Uchuraccay, mkoa wa Ayacucho, kufuatilia habari za mauaji. Walikuwa Waperu, ila kwa kijiji kile walikuwa wageni. Askari walikuwa wamewaambia wanavijiji kwamba rafiki huja kwa ndege na anayekuja kwa miguu ni adui. Wanakijiji waliwaua wote wanane pamoja na mwongozaji wao. Mpiga picha Willy Retto aliendelea kupiga hadi mwisho, na kamera yake ilipatikana baadaye ikiwa na picha za dakika zile. Uchuraccay nayo haikupona. Kwa mujibu wa Tume ya Ukweli ya Peru, watu 135 wa kijiji hicho waliuawa katika miaka iliyofuata.

Vita vile vimekwisha. Bado mgeni anayeingia kijijini leo anafanya jambo la kwanza kabla ya kufungua mkoba: anakwenda kwa viongozi wa jumuiya, anajitambulisha, anaeleza anataka nini na picha zitakwenda wapi. Mara nyingi anatakiwa asimame mbele ya mkutano. Wakikataa, anarudi. Siku imepita bila picha hata moja, na hiyo nayo ni siku ya kazi.

Nani amlipe nani

Mwaka 1948 Mmarekani Irving Penn alikuwa Peru kwa kazi ya jarida la mitindo la Vogue. Kazi ilipoisha hakurudi na wenzake. Alikwenda Cusco, akakodi studio ya mpiga picha wa hapo mjini kwa siku chache za Krismasi. Watu waliposhuka kutoka vijijini na nguo za sikukuu kupigwa picha kama desturi, walimkuta yeye. Na mambo yakageuka: badala ya wao kumlipa, yeye aliwalipa.

Mojawapo ya picha hizo ni ya watoto wawili, mvulana na msichana, wamesimama peku wakiegemea kiti kirefu cha studio, wameshikana mikono. Nyuso zao ni za watu wazima. Mwaka 2008 nakala moja ya picha hiyo iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola laki tano. Penn hakuiba kitu. Aliwalipa, tena akawapiga kwa heshima, hakuwafanya kichekesho. Lakini wakati wa kawaida mwenye studio angewapa wateja wake picha waende nayo nyumbani, waitundike ukutani. Siku ile waliondoka na sarafu.

Leo mitaa ya Cusco ina wanawake na wasichana waliovaa mavazi ya asili, wamebeba mwanakondoo au wanaongoza llama. Ukiwapiga picha, unatoa sol moja au zaidi. Wenyeji wamewapa jina sacamefotos, yaani "nipige picha". Watalii wengine wananuna, wanasema huo ni uigizaji. Mimi naona wale akina mama wameijibu hesabu kwa njia iliyokuwa wazi kwao: kama sura yangu ina thamani kwako, nipe sehemu yangu sasa hivi, maana nikikuachia uende sitakuona tena.

Hili nalielewa vizuri. Nikiwa darasa la tano walikuja wageni shuleni kwetu na kamera. Tulipangwa mstari, tukaimba, tukaambiwa tucheke. Walipiga nyingi sana, wakapanda gari. Sijui kama niko ukutani kwa mtu, au kwenye kalenda, au nilifutwa jioni ileile. Hawakufanya ukatili wowote. Ila sisi watoto tulikaa wiki nzima tukiulizana: zile picha wataleta lini?

Waliorudisha

Jumuiya za Andes zina utaratibu unaoitwa ayni. Leo nakuja kukusaidia kulima shamba lako la viazi, kesho unakuja kwangu. Hakuna daftari, lakini kila mtu anajua anadaiwa na nani. Babu zetu wa ujima wangeuelewa bila kutafsiriwa. Mpiga picha mgeni akishakaa muda, anagundua naye yumo kwenye ayni, apende asipende. Amepewa uso wa mtu, chakula, mahali pa kulala. Zamu yake inakuja.

Kurejesha kwa kawaida ni kitu kidogo: picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Anashuka mjini, anachapisha, anapanda basi saa kadhaa, anatembea, anamtafuta yule mzee. Akichelewa sana anaweza kukuta mzee amefariki na familia haina picha yake nyingine. Barabara zenyewe si za mchezo. Mswisi Werner Bischof, aliyempiga yule kijana maarufu anayepiga filimbi akitembea kwenye njia ya kuelekea Cusco, alikufa Mei 1954 gari lake lilipotumbukia bondeni katika milima hiyohiyo ya Peru. Alikuwa na miaka 38.

Wapo waliorejesha kitu kikubwa zaidi. Nitataja wawili.

Martín Chambi hakuwa mgeni. Alizaliwa 1891 katika familia ya wakulima wazungumzaji wa Kikechua, mkoa wa Puno. Baba yake alifanya kazi mgodi wa dhahabu wa kampuni ya kigeni, na hapo mgodini ndipo kijana alipoiona kamera mara ya kwanza mikononi mwa wapiga picha wa kampuni. Akajifunza kazi Arequipa, na mwaka 1920 akafungua studio Cusco. Alipiga matajiri na harusi zao, na pia alipiga wakulima, omba omba, wapiga filimbi, kwa umakini uleule. Alifariki 1973 akiacha maelfu ya picha kwenye vioo, maana zamani picha zilinaswa juu ya vioo kabla ya filamu kuenea. Vioo hivyo vilikuwa masandukuni, vinashika vumbi.

Hapo anaingia Mmarekani Edward Ranney, mpiga picha aliyeijua Cusco tangu miaka ya 1960 na ambaye alikuwa akipiga magofu ya Inka. Mwaka 1977 aliweka nguvu zake kwenye kazi nyingine. Akiwa na familia ya Chambi na wasaidizi, walisafisha vioo kimoja kimoja, wakavipa namba, wakavichapisha. Mwaka 1979 picha za Chambi zikaonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Fikiria maisha ya mpiga picha ambaye ameacha milima na mwanga mzuri nje, amejifungia chumbani anafuta vumbi kwenye kazi ya mtu mwingine.

Wa pili ni Mjerumani Thomas Müller, aliyeishi Ocongate, mkoa wa Cusco, chini ya mlima Ausangate. Mwaka 1986, katikati ya vita, alianzisha warsha zilizoitwa TAFOS. Kamera rahisi zilitolewa kwa wakulima, wachimba madini na vijana wa mitaa duni ya Lima, wakafundishwa kuzitumia, wakaachiwa wapige wanachotaka: mikutano, mazishi, mavuno, maandamano, mtoto amelala mgongoni. Mradi ulifungwa 1998. Umeacha zaidi ya negativu laki moja, na zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru huko Lima, ambako watafiti wanazitumia hadi sasa. Ukizitazama utaona kitu ambacho mgeni hakipati hata akae miaka: watu wanamtazama mpigaji kama wanavyomtazama jirani, kwa sababu ni jirani kweli. Hizo ni picha za ñuqanchis.

Na sisi je?

Tusidhani habari hii ni ya wazungu peke yao. Mwalimu wa mazoezi anapofika shule ya kijijini kwenye TP, na simu nzuri na viatu safi, kwa wale watoto yeye ndiye mgeni. Siku ya kwanza tunapiga picha na darasa, jioni iko kwenye status: watoto wamekaa chini, sare zimechanika, na maneno ya huruma juu yake. Tunapata pongezi nyingi. Mtoto aliyeko pichani hajaulizwa, mzazi wake hajui, na mwalimu mkuu ameiona kwa bahati tu. Kesho mtoto huyo atakuwa na miaka ishirini na mbili kama mimi, na ile picha itakuwa bado inazunguka.

Sisemi tuache kupiga. Picha za shule zetu zinahitajika, na nani azipige kama si sisi tunaozijua? Nasema tufanye kazi yote, ikiwemo ile isiyoonekana. Tumwombe mwalimu mkuu kabla. Tuwaeleze watoto picha inakwenda wapi, na anayesema hapana tumwache. Picha ya kumdhalilisha mtoto tusiirushe hata kama ni ya kweli. Tukirudi mjini tuchapishe chache.  Tuzitume kwa mwalimu wa darasa awagawie.

Halafu, kama moyo unaruhusu, siku moja wape watoto simu dakika ishirini wapige shule yao wenyewe, wewe ukae pembeni. Angalia wamepiga nini. Huenda wakampiga mpishi wa uji, au mbuzi wa jirani, au wewe ukiwa umechoka mezani. Kwenye TP ijayo mimi nitajaribu hivyo, na watakachonipiga nitawachapishia nacho.